Wabunge waulize kwa maandishi, na majibu yafike Goma

Mjini Goma, barua ya mbunge hufika kwanza kwenye telefone. Picha yake inapita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine: juu jina la mbunge, katikati jina la waziri, chini saini na muhuri wa ofisi iliyoipokea Kinshasa. Wakaaji wanaisoma, wanasema "huyu angalau amesema", kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwezi unapita, miezi mitatu inapita. Jibu la waziri halionekani katika kundi lolote. Kama lilitolewa, hakuna anayejua. Na mara nyingi hakuna anayeuliza.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Swali la maandishi ambalo mbunge anamtumia waziri ni moja ya silaha chache ambazo watu wa Goma wamebaki nazo mbele ya serikali yao. Lakini linatumiwa kama picha ya kumbukumbu. Mbunge anaonyesha kwamba ameuliza, waziri ananyamaza, mpiga kura anasahau. Swali lisilodai tarehe wala hesabu, na ambalo jibu lake halitangazwi, limebaki karatasi tu.

Saini moja inatosha

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imelipa Bunge kazi mbili kubwa: kupitisha sheria, na kukagua serikali, mashirika ya umma na huduma za umma. Kifungu cha 138 kinataja njia za kufanya ukaguzi huo: swali la mdomo au la maandishi, swali juu ya jambo la siku hizo, kumwita waziri ajieleze mbele ya Bunge, tume ya uchunguzi, na kuwasikiliza viongozi ndani ya kamati.

Wengi wanazijua zaidi njia zenye kelele. Wanakumbuka tarehe 27 Januari 2021, siku wabunge 367 walipopiga kura ya kumwangusha Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Lakini mlango huo ni mzito. Kifungu cha 146 kinadai saini za robo ya wabunge kabla ya kuleta hoja ya kuiangusha serikali, na saini za sehemu moja ya kumi kwa hoja dhidi ya waziri mmoja. Katika Bunge la viti 500, hizo ni saini 125 na saini 50. Leo muungano wa Rais, Union sacrée, una zaidi ya viti 400. Mbunge wa Goma anayetaka kumwondoa waziri anaweza kuzunguka Palais du Peuple mwaka mzima bila kuzipata.

Kwa swali la maandishi, hana wa kubembeleza. Saini yake peke yake inatosha. Hahitaji wingi wa viti, wala kusimama mbele ya kamera. Anahitaji karatasi, na kujua vizuri anachotaka kujua. Kweli, swali halimwondoi waziri. Kifungu hicho cha 138 kinasema wazi kwamba swali halifuatwi na kura. Kazi yake ni nyingine: kumfanya waziri aandike, kwa jina lake na saini yake, jambo ambalo kesho ataulizwa tena.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Jibu la maandishi ndilo daftari la raia.

Goma haina bunge lingine

Katika jimbo lenye amani, mambo mengi ya Goma hayangehitaji kufika Kinshasa. Kifungu cha 197 kinalipa bunge la jimbo uwezo wa kukagua serikali ya jimbo pamoja na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Barabara ya kartie, soko, kodi ya jimbo: mbunge wa jimbo angeuliza hapo hapo mjini, na waziri wa jimbo angejibu hapo hapo.

Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021, état de siège ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, gavana ni afisa wa jeshi na bunge la jimbo limesimamishwa. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukulirudisha kazini. Tena mwaka huo wakaaji wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kabisa kwa sababu ya vita, kwa hiyo hawana hata mbunge waliyemchagua katika muhula huu.

Kisha ikaja tarehe 27 Januari 2025, Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23. Wanaoongoza mji tangu siku hizo hawana bunge lolote mbele yao. Hakuna mtu aliyechaguliwa na wakaaji ambaye ana haki ya kuwauliza kodi wanayokusanya inaenda wapi. Na serikali ambayo Katiba inaitambua iko Kinshasa, mbali, wakati uwanja wa ndege wa Goma umefungwa kwa wasafiri wa kawaida.

Kwa hiyo mkaaji wa Goma amebaki katikati ya mamlaka mbili, na hakuna hata moja anayoweza kuiendea kuiuliza. Kamba inayobaki ni wabunge wa kitaifa walioko Kinshasa. Nayo haiishii kwa wale waliochaguliwa Goma peke yao. Kifungu cha 101 kinasema mbunge wa kitaifa anawakilisha taifa. Mbunge wa Kasaï anaweza kuuliza juu ya Masisi. Mbunge wa Kongo Central anaweza kuuliza juu ya Rutshuru. Kama wilaya fulani haikupiga kura, si sababu ya kuiacha bila mtu wa kuuliza kwa niaba yake.

Swali linaweza kuuma

Wapo wanaosema maswali ya wabunge hayajawahi kubadilisha kitu. Hawasemi kweli yote. Wakumbuke RAM.

Mwaka 2020 wenye telefone walianza kukatwa uniti kwa jina la Registre des appareils mobiles. Telefone za 3G na 4G zilitozwa dola 7 kwa mwaka, na zile ndogo za 2G karibu dola 1. Mama anayeuza ndizi alikatwa sawasawa na mwenye duka. Watu walilalamika, vijana waliandamana, mashirika ya raia yaliandika. Mwaka 2021 mbunge Claude Misare, aliyechaguliwa Uvira, alileta swali la mdomo lenye mjadala kwa waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba. Waziri akalazimika kuja mbele ya Bunge kueleza pesa za wananchi zinakatwa kwa msingi gani na zinaenda wapi. Wabunge hawakuridhika. Mwanzoni mwa 2022 RAM ikafutwa.

Ni haki kusema kwamba swali peke yake halikuifuta. Nguvu yake ilitoka kwa watu waliokuwa tayari wamekasirika, kila mmoja akiwa na ushahidi ndani ya telefone yake. Lakini hasira ile ilikuwa imezunguka mitaani zaidi ya mwaka mmoja bila waziri kulazimika kujibu. Swali la mbunge ndilo lililoipa hasira hiyo mlango wa kuingilia Bungeni, likaigeuza kuwa hesabu: kiasi gani, kwa sheria gani, kwenye akaunti gani.

Kuna mfano wa zamani zaidi, na Wakongo hawafundishwi sana. Mwaka 1897, Charles Dilke alianza kulizungumzia bungeni London jambo la ukatili wa utawala wa mfalme Léopold II huku Congo. Wakati huo wengi waliona ni kelele za mtu mmoja. Mwaka 1903, tarehe 20 Mei, bunge la Uingereza likapitisha azimio juu ya Congo. Mwaka huo huo konseli Roger Casement akasafiri mtoni kuchunguza, na ripoti yake ikatoka 1904. Mwaka 1908 Léopold akanyang'anywa Congo kama mali yake binafsi, ikawekwa chini ya dola la Ubelgiji. Haukuwa uhuru, na mateso hayakuisha. Lakini sauti moja iliyorudiwa miaka mingi, kisha ikapata maandishi na ushahidi, ilimshinda mfalme. Mbunge wa leo anayeandika barua moja na kuchoka, akumbuke hesabu hiyo ya miaka.

Gharama ya kutouliza mapema

Upande wa pili, Goma inajua vizuri gharama ya maswali yanayochelewa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka jioni. Watu zaidi ya 30 walikufa, nyumba nyingi za Nyiragongo na za ukingo wa mji zikamezwa na lava. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaagiza sehemu kubwa ya mji ihame, na mamia ya maelfu wakakimbilia Sake, Minova na Rwanda.

Baada ya lava kushuka ndipo wakaaji wengi waliposikia habari za ofisi inayochunguza volkano, OVG: kwamba msaada wa Benki ya Dunia ulikuwa umeisha mwaka 2020, na kwamba kwa miezi kadhaa wataalamu walikosa pesa za kulipia intaneti ya kupokea habari kutoka kwenye vyombo vyao vilivyo mlimani. Mji wa watu zaidi ya milioni, chini ya volkano ambayo ilishalipuka mwaka 1977 na kuuchoma mwaka 2002, ulikuwa unalindwa na ofisi isiyoweza kulipa intaneti.

Hakuna anayedai kwamba karatasi ya mbunge ingezuia lava. Lakini swali la ukurasa mmoja kwa waziri wa utafiti wa kisayansi, likiuliza OVG imepewa kiasi gani mwaka huu, vyombo vingapi vinafanya kazi na nani atalipa msaada ukiisha, lingewalazimisha watu fulani Kinshasa kuijua hesabu hiyo kabla ya jioni ile. Swali hilo bado lina haki ya kuulizwa leo. Nyiragongo haijali nani anaongoza mji.

Hata état de siège yenyewe inafundisha. Mwezi Agosti 2021, kamati ya ulinzi na usalama ya Bunge iliwasikiliza viongozi, ikatoa ripoti iliyosema mpango huo ulianzishwa bila matayarisho ya kutosha. Ripoti ilikuwa na nguvu. Lakini Katiba inataka état de siège irefushwe na Bunge na Seneti kila siku 15, na ilirefushwa makumi ya mara. Kila mara serikali ilikuja kuomba. Kila mara kulikuwa na nafasi ya kusema: kwanza jibuni yale ya Agosti. Ukaguzi usiorudiwa unageuka sherehe.

Swali baya na swali zuri

Sasa kuna jambo la benki. Tangu mwisho wa Januari 2025, benki za Goma zilifunga milango. Cadeco ilifunguliwa tena na AFC/M23 mwezi Aprili, lakini hiyo haikurudisha akiba za watu zilizo katika benki nyingine. Mwalimu, muuguzi, muuza vitenge wa Birere, mama wa soko la Virunga aliyeweka pesa za kulipa masomo ya watoto: kila mmoja ana akaunti yenye namba na pesa asizoweza kuzigusa kwa urahisi. Wengine wanavuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta benki. Wengine wanapokea kwa telefone, na kuzitoa kunakula sehemu ya pesa zenyewe.

Hapa mbunge anaweza kuandika namna mbili.

Namna ya kwanza: "Je, serikali inafanya nini kuhusu mateso ya watu wa Goma?" Waziri atajibu kwamba serikali inafuatilia kwa karibu, inalaani uvamizi, na iko pamoja na wananchi. Ukurasa utajaa, na mama wa Virunga hatajua lolote jipya. Swali pana ni zawadi kwa waziri.

Namna ya pili ni ya mtu anayetaka kujua. Benki zilifungwa kwa agizo gani, la tarehe gani, lililosainiwa na nani? Ni akaunti ngapi za wakaaji wa Goma zimeguswa? Mwenye akaunti aliyebaki mjini anaweza kutoa pesa zake wapi leo, kwa karatasi gani, na kwa gharama gani? Kwa aliyekopa kabla ya Januari 2025, je, riba inaendelea kuhesabiwa wakati hawezi kuifikia benki yake? Na ni lini wizara itatoa maelezo kwa wenye akiba?

Maswali matano, na kila moja lina jibu linaloweza kuhakikiwa. Waziri akisema hajui idadi ya akaunti, hilo pia ni jibu, na ni zito. Akisema riba imesimamishwa, mkopaji ana karatasi ya kuonyesha kesho. Akinyamaza, mbunge ana sababu ya kupanda ngazi: swali la mdomo lenye mjadala, kisha kumwita waziri ajieleze. Kifungu cha 138 kimezipanga njia hizo zote mbele yake. Anayebaki kwenye ya kwanza miaka mitano amejizuia mwenyewe.

Jibu lisilochapishwa ni siri ya watu wawili

Tangu 2022 Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wengi wa Goma wanaijua jumuiya hiyo kwa vita na mikutano. Kuna kitu kingine cha kuazima huko. Bungeni Dodoma, kila kikao cha kawaida asubuhi huanza na maswali. Kila swali lina namba, jina la mbunge, jina la wizara, na mara nyingi linaanza hivi: "Je, ni lini Serikali…" Jibu linasomwa, mbunge anapewa nafasi ya swali la nyongeza, na yote yanaingia katika kumbukumbu rasmi, kwa Kiswahili, ambazo mtu anaweza kuzisoma kwenye mtandao.

Tanzania si pepo. Jibu la kwamba barabara itajengwa pesa zikipatikana linajulikana huko na kila mtoto. Lakini jibu hilo limeandikwa. Miaka mitatu baadaye mbunge mwingine anaweza kufungua kumbukumbu na kusema: mlituambia hivi, tarehe hii. Ahadi inapata umri, na kila mtu anaweza kuuhesabu.

Huku kwetu, swali na jibu vikibaki kati ya ofisi ya mbunge na ofisi ya waziri, vimekuwa siri ya watu wawili. Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Ofisi ya Bunge iweke orodha moja wazi: swali, tarehe lilipopokelewa, wizara, tarehe ya jibu, na jibu lenyewe. Pale ambapo hakuna jibu, nafasi ibaki tupu ili kila mtu aione. Kwa mashariki, muhtasari wake utolewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitaja kati ya lugha nne za taifa, kwa maana mwenye akaunti iliyofungwa si lazima awe msomaji wa Kifaransa cha wizara.

Hata kabla Bunge halijafanya hivyo, mbunge mwenyewe hana kizuizi. Aliyeweza kutuma picha ya swali katika makundi yote ya Goma anaweza kutuma pia picha ya jibu. Na kama hajajibiwa, atume tangazo la mstari mmoja: leo ni siku ya 60, waziri bado hajajibu.

Mpiga kura naye ana kazi

Watasema wengine kwamba huu si wakati wake. Vita havijaisha, watu wanalala njaa kambini na vijijini, na mtu anazungumzia karatasi. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna mwenye haki ya kuidharau. Swali la mbunge halifungui barabara na halinyamazishi bunduki.

Lakini vita ndiyo sababu ya kuandika zaidi, si kidogo. Siku amani itakaporudi kutakuwa na mazungumzo ya fidia, ya mikopo, ya mishahara isiyolipwa, ya nyumba na mashamba. Siku hiyo kila upande utasema haukujua. Maswali na majibu yenye tarehe ndiyo yatakayoonyesha nani aliambiwa nini, na lini. Asiyeandika leo anamwachia mwingine aandike kesho jinsi anavyotaka.

Na daftari hilo si la mbunge peke yake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongo haki ya kumpelekea mkubwa wa serikali ombi la maandishi, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa huyo anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Chama cha walimu, wauzaji wa soko, waumini wa parokia, kikundi cha wamama wa likelemba: wote wanaweza kuandika, na kumpa mbunge nakala ili aigeuze kuwa swali. Likija na majina 300 ya wenye akaunti, swali la mbunge linakuwa na uzito ambao saini moja haina.

Halafu wafuatilie. Bunge linakutana mara mbili kwa mwaka katika vikao vya kawaida: kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Kila kikao kinapofungwa, mkaaji wa Goma ana haki ya kumuuliza mbunge wake mambo matatu tu: umeuliza maswali mangapi, umejibiwa mangapi, na majibu yako wapi.

Mbunge atakayejibu hayo matatu kwa karatasi mkononi anastahili kurudi kuomba kura. Atakayejibu kwa picha ya barua ya zamani, yenye muhuri wa kupokelewa na hakuna kingine, wapiga kura nao watakuwa wameshapata jibu lao.